Pikapu Inaposaga Kwenye Kona

(Mazungumzo ya fundi mmoja, mwanachama wetu, aliyoyatoa mbele ya wanachama Kitale na kuyarudia Bungoma. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa safarini.)



Nimetakiwa na Halmashauri ya tawi nizungumze nanyi juu ya jambo moja ambalo madereva wengi wamelileta ofisini kama malalamiko ya kazi. Husema hivi: "Pikapu yangu ikienda moja kwa moja haina neno. Nikikata kona inasaga kama kinu cha posho. Nimemwambia tajiri, naye anasema gari bado linakwenda, endesha tu. Nifanye nini?"

Katibu alitaka nianze na sheria. Mimi nimeona nianze na gurudumu. Mtu asiyejua ni kitu gani kinachosaga atamwambia tajiri kwamba gari linalia, na tajiri atamjibu kwamba magari yote ya Kitale yanalia. Lakini mtu akisema, "Beringi ya mbele ya kulia imelika, na gurudumu lina mchezo juu na chini," hapo mazungumzo yamekuwa mengine.

Sasa, kwa nini kwenye kona? Gari likienda moja kwa moja, uzito wake na wa mzigo umekaa karibu sawasawa juu ya magurudumu ya kushoto na ya kulia. Likikata kushoto, uzito hutupwa kulia. Likikata kulia, hutupwa kushoto. Kila aliyewahi kukaa juu ya magunia nyuma ya pikapu anajua jambo hili bila kufundishwa, maana amekwisha kushika ubao asitupwe nje. Beringi ya gurudumu lililo upande wa nje wa kona ndiyo inayobeba wakati huo, tena inasukumwa kwa ubavu. Beringi nzima haijali. Beringi iliyolika hulia. Basi hata ukisahau mengine yote ninayosema leo, shika hili: sauti ikizidi unapokata kushoto, shuku kwanza gurudumu la kulia, ikizidi unapokata kulia, shuku la kushoto. Si kanuni isiyovunjika, kwa kuwa sauti husafiri katika chesisi na huweza kudanganya sikio, lakini inakupa mahali pa kuanzia.

Tena viko vitu katika gari ambavyo havina kazi kubwa ila kwenye kona. Usukani ni kimoja. Boljointi ni kingine. Na ndani ya difu ziko gia ndogo ambazo gari likienda moja kwa moja hazizunguki kabisa zenyewe kwa zenyewe; huanza kazi pale tu gurudumu moja la nyuma linapopaswa kwenda upesi kuliko mwenzake. Kwa hiyo sauti ya kona ina wazazi wengi, na kazi yetu ni kumtafuta mzazi kabla ya kununua kitu chochote. Nimeona pikapu iliyobadilishwa matairi, kisha shokabsoba, kisha tairodi zote mbili, na bado ikasaga. Fedha ya mwenye gari ilikwisha, na lawama ikamwangukia dereva kwamba anaendesha vibaya.

Uchunguzi huu hautaki mashine. Unataka uwanja mpana usio na watu, taniboi mwenye masikio, jeki, na stendi mbili za chuma.

Anza gari likiwa limesimama, injini inazunguka. Geuza usukani polepole mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, taniboi ameinama kando akisikiliza. Kama inasaga hapo hapo, gari halijasogea hata hatua moja, basi beringi ya gurudumu haina hatia, kwa sababu haijazunguka. Tazama usukani, boljointi na tairodi. Sasa zima injini, ugeuze tena kwa nguvu ya mikono. Kama mngurumo umetoweka pamoja na injini, tatizo liko kwenye pampu ya usukani au mkanda wake. Fungua kifuniko cha mafuta ya usukani utazame kiasi chake kabla ya mtu yeyote kukuuzia pampu. Mara nyingi mafuta yamepungua kwa sababu ya mpira unaovuja, na mpira ni rahisi kuliko pampu. Na kama sauti inatokea mwishoni kabisa tu, pale usukani unapogota, chungulia nyuma ya gurudumu. Kuna boliti ndogo za kuzuia usukani usipite kiasi. Zikikauka hukwaruza chuma kwa chuma na kutoa mlio wa kutisha. Dawa yake ni grisi ya ncha ya kidole.

Kuna na tairi lenyewe. Watu wa Kwanza na Endebess hupenda kutia matairi makubwa ili gari lipite katika tope la mashamba. Tairi kubwa hugusa bodi au chesisi usukani ukiwa mwisho. Hili halina siri: tafuta mahali palipong'aa kwa kusuguliwa.

Kama gari lililosimama halisemi kitu, liendeshe. Nenda mwendo mdogo katika uwanja, ukizunguka kushoto mara mbili, kulia mara mbili. Kisha ongeza mwendo kidogo, utoe gia, uache gari lijiendee huku likikata kona. Sauti ikiendelea na kupungua pamoja na mwendo wa magurudumu, hata injini ikiwa imetulia, mzazi wake yuko kwenye magurudumu. Halafu gusa breki kidogo tu, kama mtu anayekanyaga yai. Ikibadilika, au ikikoma, basi iko karibu na breki.

Hapa niseme neno juu ya barabara zetu. Katika njia za changarawe, iwe huku Trans Nzoia au kule Bungoma upande wa Chwele na Cheptais, sababu moja ya kusaga ambayo nimekutana nayo mara nyingi haikuwa ubovu wowote. Ilikuwa kijiwe. Nyuma ya diski ya breki kuna bati jembamba la kukinga vumbi na maji. Kijiwe kikirushwa na tairi huingia kati ya bati na diski, kikakaa hapo kikisaga. Gari likikata kona, gurudumu huinama kidogo sana, kijiwe kikabanwa, na kelele ikatoka ambayo utadhani ekseli nzima inakatika. Au bati lenyewe limepinda na kugusa diski. Toa gurudumu, toa kijiwe kwa bisibisi, rudisha bati mahali pake kwa mkono. Kazi imekwisha, hakuna spea iliyonunuliwa. Njia ya kutambua ni kuuliza ilianza lini. Sauti iliyoanza ghafula, saa fulani, katika barabara fulani, mara nyingi ni kijiwe au bati. Sauti iliyoanza kama mnong'ono, ikakua wiki baada ya wiki hata taniboi akaizoea, hiyo ni beringi.

Lakini kama pedi za breki zimekwisha na chuma kinakula diski, hiyo nayo husaga, tena hapo si jambo la kungoja Jumamosi. Ukishatoa gurudumu utaziona kwa macho.

Basi tuje kwenye jeki. Simamisha gari mahali pa sawa na pagumu. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe mazuri, mbele na nyuma yake. Inua, kisha weka stendi chini ya chesisi. Nawaomba, ndugu zangu, tofali si stendi. Tofali hupasuka bila kuaga. Na mkumbuke kwamba katika pikapu zetu nyingi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Siku utakayoinua nyuma, breki hiyo haishiki kitu, gari linaweza kuondoka na wewe uko chini.

Gurudumu likiwa hewani, lishike juu na chini kwa mikono miwili, ulitikise: sukuma juu, vuta chini. Kama linacheza, usiseme bado ni beringi. Mwambie taniboi akanyage breki na kuishikilia, kisha tikisa tena. Mchezo ukitoweka, ni beringi, kwa kuwa breki imeshika gurudumu na kuliunganisha na kile kinachobeba habu. Mchezo ukibaki, ni boljointi, au kingipini katika gari la zamani. Sasa shika kushoto na kulia, tikisa. Mchezo wa namna hii peke yake mara nyingi ni wa tairodi. Jaribio hili la breki ni la dakika moja, na sijui kwa nini mafundi wengi hawalifanyi.

Mwisho wa uchunguzi, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uweke juu ya springi au juu ya chuma kinachobeba habu. Beringi mbovu utaihisi kwa vidole kabla hujaisikia kwa masikio: ni kama mchanga umo ndani. Fanya na upande wa pili ili ulinganishe. Kama bado una shaka, endesha gari kilomita kumi bila kutumia breki sana, kisha karibisha kiganja chako kwenye habu ya kila gurudumu, bila kuigusa mara moja. Moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, umeipata.

Sasa matengenezo. Pikapu zetu ni za namna mbili. Za zamani, kama Hilux za miaka ya 1980 na 1990 na Land Rover za shamba, zina beringi mbili za mbele katika kila habu, za vigololi virefu vilivyolala mshazari, nazo hufunguliwa, husafishwa na kutiwa grisi. Nyingi za miaka ya karibuni zina beringi iliyofungwa kiwandani. Hiyo haifunguliwi wala haitiwi grisi. Ikilika hutolewa nzima na kuwekwa mpya, na mara nyingi hutaka mashine ya kushindilia. Fundi akikuambia atapiga beringi ya namna hiyo kwa nyundo mpaka iingie, mshukuru, uende kwingine. Nyundo huiumiza ikiwa bado mpya, na baada ya miezi michache utaanza wimbo ule ule.

Kwa zile za zamani, kazi ni hii. Toa kifuniko cha grisi, nyosha ile pini iliyokunjwa inayoshika nati, uitupe. Fungua nati, pokea beringi ya nje isianguke katika vumbi, toa habu. Osha beringi kwa mafuta ya taa katika karai safi, zikauke, uzitazame kwenye mwanga wa jua. Vigololi vikiwa na vidonda, au rangi ya buluu ya kuungua, au kutu, hazifai. Grisi iliyogeuka nyeupe kama maziwa ina maana kwamba maji yaliingia; kosa hapo ni la sili, na ukitia beringi mpya juu ya sili ya zamani umetupa fedha. Tena beringi mpya huja na kikombe chake. Kikombe cha zamani kilichokaa ndani ya habu lazima kitolewe. Wako wanaokiacha kwa uvivu. Vigololi vipya vikitembea juu ya njia iliyochimbika havidumu.

Grisi isipakwe juu juu kama samli juu ya chapati. Shindilia kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili kati ya vigololi. Iwe grisi ya beringi za magurudumu, inayostahimili joto la breki. Usichanganye na ya zamani. Ukirudisha, kaza nati huku ukizungusha gurudumu ili beringi ikae mahali pake, mpaka gurudumu lianze kuwa zito. Halafu legeza nati. Halafu kaza tena kwa nguvu ndogo tu, kwa kiasi ambacho kitabu cha gari hilo kinasema. Gurudumu lizunguke bila kizuizi, na mchezo usionekane. Tia pini mpya. Wengi hukaza nati hii kama nati ya tairi, na beringi inaungua kabla gari halijafika Kiminini.

Juu ya kununua: linganisha namba iliyochorwa juu ya chuma cha beringi na namba ya sanduku, tena na ile ya zamani. Sanduku zuri halina maana. Sanduku huchapwa na mtu yeyote.

Nipite upesi kwenye nyuma ya gari. Kama sauti inatoka nyuma, kwenye kona kali tu, tena ukikanyaga mafuta, inawezekana ni zile gia ndogo za difu nilizozitaja. Fungua boliti ya chini ya difu uangalie mafuta. Vipande vya chuma vinavyometa vitakujibu. Kazi ya difu ni ya fundi mwenye vipimo, si ya kando ya njia.

Na wenye pikapu za kuvuta magurudumu manne, sikilizeni. Katika nyingi za gari hizi, gia ya magurudumu manne ikiingia, mbele na nyuma hufungwa pamoja. Kwenye tope hakuna neno, tairi huteleza kidogo na kujipatia nafuu. Lakini ukitoka shambani ukapanda lami ya Kitale na gia bado imeingia, magurudumu ya mbele yanataka kutembea njia ndefu kuliko ya nyuma katika kila kona, na hayawezi. Gari hujikaza, huruka, husaga. Dereva mmoja aliletwa kwangu akidhani gia zimevunjika. Turudishe gia ya magurudumu mawili, turudi nyuma kidogo moja kwa moja, gari likapona. Sauti ya "tak-tak-tak" usukani ukiwa mwisho ni jambo jingine tena: ni sivijointi, na utaona mpira wake umepasuka na grisi imerukia ndani ya gurudumu. Pikapu ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake haina sivijointi mbele. Fundi akiwauzia sivijointi ya gari la namna hiyo, ni mwizi.

Kwa nini beringi zetu zinakufa mapema? Maji ni sababu moja. Madereva huingiza gari mtoni ili kuliosha, habu ikiwa bado ina joto la breki. Habu ya moto ikipoa ghafula ndani ya maji huvuta maji ndani. Acha ipoe kwanza, au afadhali uchote maji kwa ndoo. Sababu ya pili ni mzigo, na hapa ndipo ufundi unapokutana na chama. Gunia la mahindi ni kilo 90. Magunia 20 ni kilo 1,800. Pikapu iliyotengenezwa kubeba tani moja, ambayo wakati wa mavuno hupakiwa magunia 20 kila siku, huku tajiri akihesabu faida ya safari moja badala ya mbili, italika beringi, bushi na springi, na mkono wa dereva hauna hatia.

Nitawaambia yaliyompata mwanachama mmoja wa upande huu. Alikuwa akiendesha pikapu ya mfanyabiashara, akipeleka viazi na maharagwe kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, na siku nyingine Bungoma mjini. Gari lilianza kulia likikata kushoto. Alimwambia mwenye gari kwa mdomo. Gari likapelekwa kwa fundi, likabadilishwa tairi. Likaendelea. Wiki tatu baadaye, kwenye kona ya kushoto ya mteremko, gurudumu la mbele la kulia likang'oka pamoja na habu. Gari lililala kwenye mtaro. Yeye alivunjika mfupa wa bega, taniboi akapona, viazi vikaokotwa na watu wa karibu. Ilikuwa siku ya soko, na saa ile watoto walikuwa hawajatoka shuleni. Saa moja baadaye ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Kisha mwenye gari akasema dereva alikuwa mzembe, na akataka kukata mshahara wake kila mwezi mpaka gharama ya gari na mzigo irudi. Akasema hakuambiwa habari ya kelele yoyote. Dereva hakuwa na karatasi hata moja. Aliyemwokoa ni taniboi, kijana mwenye tabia ya kuandika katika daftari la shule kila mara walipotia mafuta, kwa sababu alichoka kutuhumiwa habari ya petroli. Katika kurasa tatu tofauti, pembeni ya lita na shilingi, alikuwa ameandika: "Tairi ya kulia mbele inalia. Tajiri ameambiwa." Na tarehe ilikuwepo.

Daftari hilo ndilo chama kilichokwenda nalo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kama mfanyakazi amefanya kosa kwa makusudi. Kwa makusudi, ndugu zangu. Dereva aliyesema mara tatu kwamba gurudumu linalia hakuharibu kwa makusudi. Makato yakasimama. Sitawadanganya kwamba alipata kila kitu: majuma aliyokaa nyumbani yalileta ubishi mrefu, na kazi ile hakurudi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inasema katika kifungu cha 14 kwamba mfanyakazi akiona jambo ambalo ana sababu ya kuamini ni hatari kubwa, amwarifu msimamizi wake. Na mwajiri hana ruhusa ya kumtaka arudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Na upande wa barabarani, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, yataka gari liwe katika hali isiyohatarisha watu wengine. Askari akisimamisha gari, anayeonekana kwanza ni aliye nyuma ya usukani. Tajiri yuko dukani.

Malalamiko haya si ya jana. Fred Kubai, mmoja wa wale watano walioshtakiwa pamoja na Jomo Kenyatta huko Kapenguria mwaka 1952, alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi. Mawakili wa kesi ile walilala Kitale na kwenda Kapenguria kwa motokaa katika vumbi, njia ile ile tunayopita leo ikiwa lami.

Basi dereva aandike. Si barua ya kiwakili. Maneno kama haya yatosha: "Tarehe fulani. Pikapu namba fulani. Nikikata kushoto, gurudumu la mbele la kulia linasaga. Limeinuliwa kwa jeki, lina mchezo juu na chini, na mchezo unatoweka breki ikikanyagwa. Naomba beringi itazamwe kabla ya safari nyingine." Jina na sahihi. Nakala moja kwa tajiri, moja ibaki kwako. Kama unatumia simu, tuma ujumbe, na usiufute. Mnaona sasa kwa nini nilianza na gurudumu: barua yenye jaribio la breki ndani yake ni vigumu kuitupa.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali (Kitale): Nikiwa njiani na beringi imeanza kulia, je, naweza kufika nyumbani?
Jibu: Inua kwanza. Kama gurudumu lina mchezo unaoonekana kwa macho, usisogee, ita mtu. Kama halina mchezo na habu si ya moto, teremsha mzigo, nenda polepole, simama kila kilomita chache upime joto.

Swali (Bungoma, kutoka kwa ndugu wa kike anayeendesha pikapu ya maziwa): Fundi hukataa kunionyesha kipuri cha zamani, husema mimi si mwenye gari. Nifanyeje?
Jibu: Kipuri hicho ni mali ya mwenye gari, na wewe ndiwe uliyetumwa na mwenye gari. Mwambie kabla hajaanza kazi kwamba utaondoka nacho. Fundi mwaminifu hatakasirika. Kiweke katika mfuko pamoja na risiti, umpelekee tajiri.

Swali (Bungoma): Beringi mpya imetiwa, na baada ya siku nne inasaga tena. Je, ni feki?
Jibu: Huenda, lakini usianze hapo. Inua gurudumu utikise. Kikombe kipya huweza kuwa hakikufika mwisho wake ndani ya habu kilipogongwa, kisha kikaingia gari lilipopata mzigo, na nati ikabaki imelegea. Baada ya kilomita mia moja hivi kila beringi ya namna ile ya kufunguliwa itazamwe tena. Ukikuta mchezo, kaza upya kwa njia niliyoeleza, na utie pini nyingine mpya. Isipoacha hata hapo, itoe, uisome namba yake.